Reale, Rupia na Pauni: Mwongozo Kamili wa Kupima Sarafu za Karne ya 19 na Kujua Thamani Yake

Sarafu za fedha na dhahabu za karne ya 19 bado zimo majumbani mwetu: ndani ya kasha la bibi, kwenye kidani kilichorithiwa, au chini ya droo la sonara zikingoja kuyeyushwa. Mwambao huu ulitumia sarafu za watu wengine kwa muda mrefu. Za Austria, za India, za Uhispania na Mexico, za Ufaransa, za Uingereza na za Marekani zote zilikutana kwenye meza moja ya mvunja fedha wa Unguja. Mvunja fedha yule hakushughulika na jina la mfalme. Aliiangalia kama imelika, akaigonga aisikie sauti yake, akaitia mizanini. Kazi hiyo hiyo unaweza kuifanya leo mezani kwako, kwa vifaa visivyo ghali.

Wengi wanaopata sarafu za zamani huanza na swali la bei. Mimi nashauri bei iwe ya mwisho. Na nitasema mapema jambo ambalo hesabu za chini zitalithibitisha: kulika kwa sarafu, kunakowatia watu hofu sana, kwa kawaida huondoa asilimia moja, mbili, au tatu ya thamani. Kilichoondoa nusu nzima ni kuporomoka kwa bei ya fedha katika miaka 30 ya mwisho wa karne ile. Anayepuuza mwaka wa muamala akahangaika na mikwaruzo atapata jawabu lisilo na maana.

Vifaa

Tafuta mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma hadi 0.01 ya gramu. Kwa sarafu za dhahabu, zilizo ndogo, inayosoma 0.001 ni bora zaidi. Uwe na jiwe la kupimia la gramu 50 au 100 la kuhakikisha kama mizani inasema kweli, kalipa ya kupimia upana, lenzi ya sonara, sumaku yenye nguvu, uzi mwembamba na glasi ya maji. Weka mizani juu ya meza imara na uzime feni; upepo wa feni hubadilisha tarakimu ya mwisho.

Usiisugue sarafu. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Kila msuguo unaondoa madini, yaani unaondoa uzito unaotaka kuupima, na mkusanyaji akiiona sarafu iliyong'arishwa hupunguza bei papo hapo. Kama ina mafuta, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, isuuze, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Weusi wa fedha uache ulivyo.

Hatua ya 1: Itambue

Reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, ambayo wazee waliiita reale ya Sham, ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Upande mmoja una mama mnene mwenye ushungi, taji dogo la lulu kichwani na bruchi ya lulu begani, na chini yake herufi S.F. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili. Mwaka ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na hautakusaidia kitu: sarafu hii iliendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo katika karne yote ya 19 na ya 20, Vienna, Milan, Venice, na baadaye Roma, London na Bombay. Kwa hiyo reale yako inaweza kuwa ya 1820 au ya 1938, na uzito halali ni ule ule. Tazama ukingoni: pana maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Maneno hayo yalikuwa kinga, maana mtu akikata au akipiga tupa ukingo, maandishi yanamfichua.

Reale ya mzinga ni ya Uhispania. Nguzo mbili za nembo yake ndizo zilizoonekana kama mizinga. Ya Mexico baada ya uhuru ina tai mwenye nyoka mdomoni. Ya Ufaransa ni kipande cha faranga 5.

Rupia ya India ya mtindo mmoja ilianza 1835, kwanza kwa kichwa cha William IV, kisha cha Victoria kuanzia 1840. Pamoja nayo kuna dada zake wawili wa kwetu. Rupia ya Mombasa ya 1888 ilitolewa na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na rupia ya kampuni ya Wajerumani ilianza 1890, ikiwa na Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Hizi mbili zilifuata uzito wa rupia ya India kusudi zipokewe sokoni bila ubishi.

Pauni ya dhahabu ilianza 1817. Mgongoni ina Mtakatifu George akipigana na joka, au ngao ya nembo, ambayo ilitumika kuanzia 1825 hadi 1887. Seyyid Barghash naye alitoa reale yake ya fedha na vipande vya dhahabu mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Ukiipata hiyo, usiifikirie kama madini hata kidogo. Peleka kwa mtaalamu wa sarafu, kwa sababu uadimu wake unazidi mbali sana fedha iliyomo.

Kuna mtego mmoja: shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza 1921, si ya karne ya 19 na fedha yake ni robo tu, mpaka ilipoondolewa kabisa.

Hatua ya 2: Pima, kisha linganisha

Pima kila sarafu mara tatu, ukiiondoa na kuirudisha, na uandike. Sarafu mpya, kwa sheria za viwanda vilivyoipiga, ilikuwa na uzito huu:

- Reale ya Maria Theresa: gramu 28.07, usafi 833 kwa 1000, fedha halisi gramu 23.39
- Reale ya Mexico: 27.07, usafi 903, fedha halisi 24.44
- Dola ya fedha ya Marekani: 26.73, usafi 900, fedha halisi 24.06
- Faranga 5 za fedha: 25.00, usafi 900, fedha halisi 22.50
- Rupia: 11.66, usafi 917, fedha halisi 10.69
- Pauni: 7.99, usafi 917 (karati 22), dhahabu halisi 7.32
- Nusu pauni: 3.99, usafi 917, dhahabu halisi 3.66
- Faranga 20: 6.45, usafi 900, dhahabu halisi 5.81
- Dola 20 za Marekani: 33.44, usafi 900, dhahabu halisi 30.09

Orodha hii inaeleza mengi kuhusu vipimo vya kale. Wakia ya Unguja ilikuwa ndiyo uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratli. Rupia nayo ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, tola ile ile ambayo masonara wa Unguja, Mombasa na Maskati wanaijua hadi leo. Sarafu ilikuwa pesa na jiwe la mizani kwa pamoja. Hapo ndipo hila ilipoingia: mnunuzi wa dhahabu anayeweka rupia mpya kwenye sahani ya mizani anaponunua, na rupia iliyolika anapouza, ananufaika pande zote mbili bila kusema uongo hata mmoja.

Usichanganye wakia hiyo na aunsi ya soko la dunia. Aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.10. Aunsi ya kawaida ya dukani ni 28.35, karibu sana na reale, na ndiyo maana mtu huambiwa "reale ni aunsi moja ya fedha" akaamini. Fedha halisi ndani ya reale ni robo tatu tu ya aunsi ya madini.

Hatua ya 3: Hesabu upungufu

Toa uzito uliopima kutoka uzito kamili, gawanya kwa uzito kamili, zidisha kwa 100. Tuseme una sarafu tatu.

Reale yako ni gramu 27.62. Imepungua 0.45, sawa na asilimia 1.6.

Rupia yako ni 11.31. Imepungua 0.35, yaani asilimia 3.

Pauni yako ni 7.91. Imepungua 0.08, yaani asilimia 1.

Ungesema pauni ndiyo nzima kuliko zote. Sheria ya Uingereza ingesema kinyume. Kiwango cha chini cha pauni kupokewa kisheria kilikuwa nafaka 122.5 za vipimo vyao, sawa na gramu 7.938. Chini ya hapo ilikuwa nyepesi, na Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na haki ya kuikata na kuilipa kwa uzito. Benki hiyo ilipima pauni kwa mashine ya William Cotton, iliyoanza kazi miaka ya 1840, ikitenga nzito huku na nyepesi kule. Pauni yako ya 7.91 ingeangukia kule. Rupia nayo ilikuwa na mpaka wa asilimia 2, maana yake gramu 11.43, kwa hiyo na hiyo ya 11.31 imefeli. Reale haikuwa na serikali huku ya kuilinda wala kuikataa. Hatima yake ilikuwa mikononi mwa mpokeaji. Ndiyo maana watu wa Uarabuni na Uhabeshi walihesabu lulu za taji na za bruchi kabla ya kuikubali. Lulu zikionekana zote, sarafu haijalika.

Mwanauchumi William Stanley Jevons alichunguza pauni zilizokuwa mikononi mwa watu Uingereza mwaka 1868. Aligundua kwamba pauni hupoteza takriban gramu 0.0028 kwa mwaka, hivyo hufikia mpaka wa sheria baada ya miaka 18 hivi. Nusu pauni ililika upesi zaidi, na sababu ni rahisi: sarafu ndogo hupita mikono mingi, na eneo la uso wake ni kubwa ukilinganisha na uzito. Kanuni hiyo itumie kwenye mkoba wako. Robo rupia iliyolika asilimia 6 haishangazi. Reale iliyolika asilimia 6 inahitaji maelezo mengine.

Hatua ya 4: Tafuta uzito ulikokwenda

Kulika kwa halali kuna mpangilio. Huanza sehemu zilizoinuka: shavu na nywele za Victoria, kifua cha tai, bega la Maria Theresa. Sehemu za chini karibu na maandishi hubaki na sura yake, na upana wa sarafu haubadiliki. Kama sura ya malkia iko wazi, manyoya ya tai yanahesabika, lakini uzito umepungua asilimia 4, madini hayo hayakwenda kwa matumizi. Kagua ukingo kwa lenzi. Ukiona meno ya ukingo wa rupia yamepotea upande mmoja, au herufi za IUSTITIA zimepungua kimo ghafla, hiyo ni tupa. Pima upana kwa kalipa sehemu nne. Sarafu iliyokatwa haiwi duara kamili.

Vidani ni tatizo la namna yake. Reale nyingi za mwambao na za Oman ziliishia kwa masonara, zikayeyushwa kuwa vikuku na mapambo ya jambia, au zikachomelewa kitanzi. Tundu likitobolewa huondoa sehemu ya gramu. Kitanzi na risasi ya kulehemia huongeza. Sarafu yenye kitanzi ikionyesha gramu 29.4, usijaribu kukisia kitanzi kina uzito gani, wala usikitoe. Andika uzito wote, sema ina kitanzi, na ujue kwamba kidani cha zamani kilichotengenezwa vizuri mara nyingine huuzika zaidi ya sarafu peke yake.

Kisha sumaku. Fedha na dhahabu hazivutwi. Ikivutwa, kazi imekwisha, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi. Isipovutwa bado hujajua kitu, maana shaba na risasi nazo hazivutwi.

Hatua ya 5: Jaribio la maji

Hapa ndipo sarafu ghushi nyingi hufia. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sufuri. Funga sarafu kwa uzi, itumbukize yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, na uondoe mapovu kwa kuitikisa kidogo. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Reale yetu ya 27.62 ikionyesha 2.71, jawabu ni 10.19. Reale halali hutoa kama 10.2. Rupia na sarafu za fedha za usafi wa 900 hutoa karibu 10.3. Shaba tupu ni 8.96, shaba nyeupe na njano ziko chini ya 9, risasi ni 11.3. Kwa pauni unatarajia 17.6, na kwa faranga 20 au dola 20 unatarajia 17.3.

Angalia udhaifu wa jaribio hili kwa dhahabu ndogo. Pauni ya gramu 7.94 husukuma gramu 0.45 tu za maji. Mizani ikikosea 0.01 upande wowote, jawabu linacheza kati ya 17.3 na 18.0. Kwa hiyo mizani ya 0.01 inatosha kukuambia "hii si shaba", lakini haitoshi kutofautisha karati 22 na karati 21.6. Mwenye shaka ampelekee sonara mwenye mashine ya miale ya eksirei, isiyokwaruza. Jiwe la sonara lenye asidi linaacha alama. Likatae kwa sarafu unayotaka kumwuzia mkusanyaji.

Hatua ya 6: Ilikuwa na thamani gani wakati ule?

Kwa hesabu za Unguja, anzia na uwiano huu: reale 1 ilihesabiwa rupia 2 na anna 2 (anna 16 ni rupia moja), yaani rupia 2.125. Rupia ilikuwa pesa 64 za shaba, kwa hiyo reale ilikuwa pesa 136. Katikati ya karne, pauni moja ilihesabiwa reale 4.75. Kwa ngazi hiyo unaweza kukadiria sarafu nyingine kwa madini yake: dola 20 za dhahabu za Marekani zina dhahabu ya pauni 4.11, sawa na reale 19.5, faranga 20 ni karibu reale 3.8, faranga 5 za fedha ni senti 96 za reale.

Sasa jaribu uwiano wa reale na rupia kwa madini matupu. Gramu 23.39 ukizigawa kwa 10.69 unapata 2.19. Sokoni ilikuwa 2.125. Reale ilipokewa chini kidogo ya fedha iliyomo, pungufu ya asilimia 3, na pengo hilo ni kubwa kuliko kulika kwa reale nyingi. Kwa mwenye kuyeyusha, reale ilikuwa fedha ya bei nafuu.

Kanuni ya kutafuta thamani ya fedha kwa peni za Uingereza (pauni moja ilikuwa peni 240) ni hii: bei ya London ilitajwa kwa aunsi ya fedha ya usafi wa 925, yenye fedha halisi gramu 28.77. Gawanya fedha halisi ya sarafu yako kwa 28.77, zidisha kwa bei ya mwaka ule.

Mwaka 1870 bei ilikuwa peni 60 na nusu. Reale: 23.39 gawa kwa 28.77 ni 0.813, mara 60.5 ni peni 49. Pauni ilikuwa sawa na reale 4.9, karibu na ile 4.75 ya hesabu za Unguja.

Mwaka 1894 bei ilikuwa peni 29. Reale ile ile, bila kupoteza hata punje: peni 23 na nusu. Pauni moja sasa ni zaidi ya reale 10.

Katikati ya miaka hiyo Ujerumani ilihamia kwenye dhahabu baada ya 1871, nchi nyingine za Ulaya zikaacha kumpigia sarafu kila aliyeleta fedha yake, na migodi ya Marekani ikamwaga fedha sokoni. Uwiano wa dhahabu na fedha uliokaa karibu na 15.5 kwa 1 kwa vizazi ulifika 32 kwa 1. Mfanyabiashara wa Unguja aliyefungia reale 1,000 sandukuni mwaka 1870, zikiwa pauni 204, angezifungua mwaka 1894 akakuta pauni 98. Kulika kusingeweza kumfanyia hivyo hata kwa miaka 500.

Baada ya 1893 hesabu inahitaji uangalifu wa ziada. Mwezi Juni mwaka huo serikali ya India ilifunga viwanda vyake kwa watu binafsi waliotaka fedha yao ipigwe rupia. Kuanzia hapo rupia ilipanda juu ya madini yake. Mwaka 1899 iliwekwa rupia 15 kwa pauni, maana yake peni 16 kila moja, ilhali fedha iliyomo ilikuwa ya takriban peni 10. Reale haikuwa na mlinzi kama huyo, ikabaki na bei ya madini. Kwa hiyo ukisoma hati ya mirathi au rehani ya 1885 inayotaja reale 200, rupia 425 ni kadirio zuri. Hati ya 1900 ikitaja reale 200, soma kwanza kama ni reale mkononi au ni reale ya kuhesabia tu kwenye daftari, kwa sababu kwa madini, reale ya mkononi wakati huo ilikuwa rupia 1 na senti 40 hivi.

Hatua ya 7: Thamani ya leo, na kuuza

Kwa madini: uzito uliopima, mara usafi, mara bei ya gramu moja siku hiyo. Bei ya gramu unaipata kwa kugawa bei ya aunsi kwa 31.10. Reale yetu ni 27.62 mara 0.833, yaani gramu 23.0 za fedha. Pauni ni 7.91 mara 0.917, gramu 7.25 za dhahabu. Hiyo ndiyo sakafu. Sonara atatoa chini yake kwa sababu anahesabu moto, muda na faida, na hilo si dhuluma mradi ujue sakafu iko wapi.

Juu ya sakafu kuna bei ya mkusanyaji. Reale ya 1780 ya kawaida haipandi sana, kwa kuwa ziko mamilioni. Rupia ya Mombasa ya 1888 au vipande vya rupia 2 vya Wajerumani vya 1893 na 1894, vikiwa havijasuguliwa, ni habari nyingine, na hapo kulika kunahesabiwa kwa sura na si kwa gramu: nusu gramu ya nywele za mfalme inaweza kuwa nusu ya bei. Piga picha pande zote mbili na ukingo, ukiandika uzito na upana pembeni, kabla sarafu haijatoka nyumbani.

Ukifika dukani, omba ipimwe mbele yako. Akikupa uzito kwa tola, zidisha kwa 11.66 upate gramu na ulinganishe na za kwako. Zikipishana zaidi ya 0.05 kwa reale, omba mizani ipimwe kwa jiwe lako la gramu 50. Na asikate wala kukwangua chochote mpaka bei iwe imekubaliwa.